Mama aliniuliza kuhusu bangi, nikakosa wa kumuuliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua yangu ni ndefu kidogo lakini nakuomba usiikate katikati maana hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na ukikata nusu watu watadhani mtu mzima nimeanza kutetea vijana wa vijiweni. Mimi ni mkazi wa Uyole hapa Mbeya, nafanya biashara ya viazi, nina miaka 56, sijawahi kuvuta bangi hata siku moja na watoto wangu wanajua kwenye nyumba yangu haiingii. Hilo liwe wazi toka mwanzo.

Kilichonikalisha kuandika ni ile picha ambayo kila baada ya muda magazeti yanaitoa, magunia ya bangi yamepangwa chini na askari wamesimama nyuma yake, au shamba linafyekwa moto unawaka. Habari inaishia pale pale, fulani kahukumiwa miaka 30, kilo kadhaa zimeteketezwa, basi. Sikatai, sheria ndo sheria na kazi ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya naiheshimu. Ila miaka yote hii nasoma gazeti sijabahatika kuona mwandishi kapiga simu kwa daktari wa saratani akamuuliza, hivi dokta haya majani yana kazi yoyote kwa mgonjwa au hayana? Hata angejibu hayana mimi ningeshukuru, maana kuna mwaka nililitafuta hilo jibu sikulipata popote.

Mama yangu alikuwa mtu wa Tukuyu, mama wa shamba la migomba na chai kidogo, mwenye nguvu zake. Mwaka 2019 akagundulika na saratani ya shingo ya kizazi na ilikuwa imeshasogea, tukaambiwa Dar. Wasomaji wa huku nyanda za juu wanaijua hiyo safari, kilomita zaidi ya 800 kwenda na zaidi ya 800 kurudi, mnapanda basi alfajiri mnafika usiku, mnafikia kwa ndugu ambaye na yeye chumba chake kimoja, mnasubiri zamu ya mionzi, mnasubiri dripu za kemo, zile dawa kali za saratani, mnarudi, wiki zinapita mnaanza tena. Hela ya viazi yote ilikwenda huko na sijutii hata shilingi.

Sasa wanaojua kemo wanajua. Maumivu mama aliyavumilia, alikuwa anasema amezaa watoto saba hakuna maumivu mapya duniani. Kilichomshinda ni kutapika. Alitapika mpaka kitu cha kutapika kikaisha akawa anatapika maji ya njano machungu, sindano za kuzuia kichefuchefu alichomwa, vidonge alipewa, zilisaidia siku mbili tatu alafu hali inarudi. Tulikuwa tunarudi Mbeya siku moja, basi likaanza kupanda Kitonga, zile kona, mama kainamia ndoo ndogo yenye mfuniko niliyomnunulia Dar, abiria wanafungua madirisha, na yeye kila akiinua kichwa anawaomba watu msamaha. Mtu wa miaka 71 anaomba msamaha basi zima kwa sababu ya kuumwa! Konda alikuwa kijana mzuri, alimhamishia kiti cha mbele na akawaambia watu wanyamaze, Mungu ambariki popote alipo. Tulivyofika nyumbani dada zangu walimpikia mbalaga, zile ndizi za kikwetu, ambayo ndo chakula alichokipenda kuliko vyote, akaisogeza pembeni, akasema harufu tu inamtosha.

Kuna binamu yetu anafanya biashara za Kasumulu na Karonga, anavuka ule mpaka wa mto Songwe kila wiki. Mwaka 2020 alikuja kumwona mama akakaa naye akamwambia shangazi, wenzetu wa Malawi wamepitisha sheria bungeni kwao bangi itatumika kwa dawa, na kule wanasemaga inasaidia wenye kansa wasitapike, wapate hamu ya kula. Aliondoka. Usiku mama akaniita akaniambia, mwanangu, kale kamajani alikokasema binamu yako, kweli kanasaidia?

Mhariri, mimi nilimkatalia kwa ukali. Nilimwambia mama hilo hapana, unataka nifungwe miaka 30 nikuache na nani. Akanyamaza, hakuliongelea tena mpaka anakufa mwezi wa tatu 2021.

Lakini mimi lilinikaa. Tulivyorudi kwenye matibabu nilimvizia mhudumu mmoja wa afya kwenye korido, sitaji hospitali wala mtu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kabisa kama kuna dawa yoyote ya halali inayotokana na ule mmea kwa ajili ya kutapika. Akaangalia kushoto akaangalia kulia akaniambia baba, usinitafutie matatizo, akaondoka zake. Simlaumu, na yeye ana watoto anawasomesha. Ila hapo ndo nilielewa kwamba nchi nzima hii mimi sina mtu wa kumuuliza swali la mama yangu, waliokuwa tayari kunijibu ni wauzaji tu.

Binti yangu wa mwisho anasoma famasia. Mwaka jana alivyokuja likizo nilimsimulia yote haya, akanitafutia habari za mtu mmoja wa Marekani akawa ananisomea jioni huku ananitafsiria, tulimaliza karibu wiki nzima. Huyo mtu anaitwa Robert Randall, na ndo sababu ya pili ya barua hii, maana huku kwetu ukitaja bangi watu wanakumbuka wanamuziki, huyu hakuna anayemjua.

Randall alikuwa mwalimu wa chuo Washington, kijana tu wa miaka ishirini na kitu, akaambiwa ana glakoma, hii tunayoita presha ya macho, na daktari akampa miaka michache tu kabla hajawa kipofu. Matone na dawa za wakati huo alitumia, presha ya jicho haikushuka vya kutosha. Jioni alikuwa akitazama taa za barabarani anaziona zimezungukwa na duara za mwanga, na hiyo ni dalili kwamba presha imepanda. Usiku mmoja mwaka 1973 akavuta bangi kama vijana wenzake wa enzi zile, akatazama dirishani, zile duara hazipo. Akarudia siku nyingine, ikawa vile vile. Basi akaotesha miche minne kwenye kibaraza chake juani. Miche minne! Agosti 1975 polisi wakaikuta, akashtakiwa yeye na mwenzie Alice O'Leary ambaye baadaye walioana.

Hapa ndo pananigusa. Pale mtu wa kawaida angefanya nini? Angekubali kosa, kosa lenyewe lilikuwa dogo kwa sheria ya kule, alipe faini yaishe arudi akavute kwa kujificha. Mimi ningefanya hivyo. Yeye akasema hapana, mimi sikuwa na lengo la kuvunja sheria, nilikuwa nalinda macho yangu, na nitathibitisha. Akaenda kujitoa mwenyewe kupimwa, kwanza Los Angeles kwenye chuo kikuu cha UCLA, wakampima presha ya macho siku baada ya siku, akiwa na dawa za kawaida na akiwa na bangi iliyotoka serikalini kwa ajili ya utafiti, alafu akapimwa tena hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore. Majibu yakaonyesha dawa zilizokuwepo peke yake hazimtoshi, ile nyingine inashusha. Akarudi mahakamani na makaratasi ya madaktari mkononi.

Novemba 1976 Jaji James Washington akamwachia huru. Maelezo yake kwa lugha yetu ni kwamba kuna nyakati mtu anavunja sheria kwa kulazimika, ili kuzuia ubaya mkubwa zaidi ya lile kosa lenyewe, na kupofuka ni ubaya mkubwa kuliko miche minne ya kwenye kibaraza. Mwaka huo huo serikali kuu ya Marekani, serikali ile ile iliyokuwa inafunga watu kwa bangi, ikaanza kumpatia Randall bangi ya kuvuta kupitia kwa daktari wake, inatoka kwenye shamba la serikali lililoko Chuo Kikuu cha Mississippi, imesokotwa tayari kama sigara. Toka ipigwe marufuku mwaka 1937 hakuna raia aliyewahi kupata kitu kama hicho.

Na angeweza kukaa kimya hapo. Kashapata yake, macho yake yako salama, kelele za nini tena. Yeye akaanza kuzunguka anaongea kwenye magazeti na mbele ya mabunge ya majimbo kwamba kama mimi nimepata, na yule mwenye kansa anayetapika apate. Mwaka 1978 wakamkatia ile bangi ya serikali, akafungua kesi dhidi ya idara za serikali kuu, mawakili wakimsaidia bila malipo, na ndani ya saa 24 wakaomba wayamalize nje ya mahakama. Kwenye makubaliano yale ndo ukazaliwa utaratibu kwamba daktari anaweza kumwombea mgonjwa wake mmoja mmoja, kwa jina. Naomba wasomaji waushike huu utaratibu, nitaurudia. Mwaka 1981 yeye na mke wake wakaanzisha chama cha kutetea wagonjwa wa aina hii, wakaisukuma serikali mpaka mwaka 1988 jaji wa ndani ya idara ile ile ya kupambana na dawa za kulevya, Francis Young, alivyosikiliza mashahidi akapendekeza mmea huo ushushwe kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa ili madaktari waruhusiwe kuuandika. Wakubwa wa idara wakakataa mwaka uliofuata. Na mwaka 1992 ule utaratibu ukafungwa kwa waombaji wapya, wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wameanza kuomba kwa wingi, wakaambiwa mlango umefungwa, wakabaki wale wale wa zamani ambao hata 20 hawafiki.

Randall alifariki mwaka 2001 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 53. Alikufa anaona. Yule aliyepewa miaka michache kabla ya giza.

Nimetaja UKIMWI na mtu wa Mbeya hawezi kupita hapo haraka. Sisi tuliokuwa vijana miaka ya tisini tunakumbuka, kila wiki msiba, nyumba zilibaki na bibi na wajukuu, na akina mama wa makanisa ndo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na uji kwenye chupa wanawaogesha watu ambao ndugu zao wenyewe walikuwa wanaogopa kuwagusa. Binti aliponisomea habari za Mary Jane Rathbun wa San Francisco nikawaona wale mama zetu. Huyu alikuwa mama mtu mzima aliyempoteza binti yake wa pekee kwenye ajali, akawa anajitolea hospitali kwa vijana wenye UKIMWI, anawaita wanangu, na alikuwa anawaokea keki za chokoleti zenye bangi ndani ili waweze kula, maana wengi walikuwa wanakonda kwa kutapika na kukosa hamu. Polisi walimkamata mara tatu. Kila wakimwachia anarudi kuoka. Yeye pamoja na Dennis Peron, ambaye mwenzi wake alikufa kwa UKIMWI mwaka 1990, walisukuma mpaka wananchi wa jimbo la California wakapiga kura Novemba 1996, na zaidi ya asilimia 55 wakasema mgonjwa aruhusiwe kwa ushauri wa daktari. Likawa jimbo la kwanza kufanya hivyo kwa kura.

Sasa niongee ukweli mwingine maana binti yangu aliniambia baba ukiandika upande mmoja utakuwa kama wale wauza chupa za mafuta ya bangi. Kwanza glakoma yenyewe leo madaktari hawaitibu kwa bangi, kuna matone mazuri zaidi na upasuaji, na bangi inashusha presha ya jicho kwa saa tatu nne tu alafu inapanda, kwa hiyo ungetakiwa kuvuta mchana na usiku. Randall alipambana na dawa za wakati wake, mwenye presha ya macho leo aende kliniki ya macho mapema. Pili, bangi haijathibitishwa kuponya saratani. Nasema kwa herufi kubwa, HAIJATHIBITISHWA KUPONYA. Kuna watu pale Mwanjelwa na kwingine wanapitisha chupa za mafuta ya kijani wanasema yanamaliza uvimbe, wanachukua laki mbili laki tatu kwa mtu ambaye hana hata nauli ya kurudi hospitali, na kuna wagonjwa wanaacha mionzi kwa ajili ya hizo chupa. Hao mimi nawaona wabaya kuliko wenye magunia. Tatu, kwa vijana ni hatari, jirani yangu kijana wake alianza kidato cha pili na leo ana miaka 24 anaongea na ukuta, sisemi ni bangi peke yake lakini madaktari wanakubali kwamba ukianza mdogo na ukivuta nyingi uwezekano wa kuvurugikiwa akili unaongezeka.

Haya, zaidi ya hapo kuna vilivyothibitishwa. Mwaka 1985 Marekani ilisajili vidonge vyenye kemikali ile ile ya bangi iliyotengenezwa maabara, kwa ajili ya wagonjwa wa kemo ambao dawa za kawaida za kutapika zimeshindwa. 1985! Mama yangu alikuwa hajapata hata mjukuu. Hicho ndicho alichokuwa ananiuliza usiku ule, na jibu lilikuwepo kwenye vitabu vya wafamasia miaka 35 kabla hajauliza. Mwaka 2018 ikasajiliwa dawa ya maji inaitwa Epidiolex, imetolewa kwenye mmea wenyewe lakini ile kemikali ya kulevya haimo, kwanza ilisajiliwa kwa wagonjwa, wengi wao watoto, wenye aina mbili za kifafa kikali ambacho dawa zingine zimeshindwa, Dravet na Lennox-Gastaut. Huku kwetu kifafa ni kingi, Mbozi na Mbeya vijijini kwenye nguruwe wanaozurura kinachangiwa pia na minyoo ya tegu, mtu akimeza mayai yake yanaanguliwa na vile viluwiluwi vinaingia kwenye ubongo, hicho kina tiba yake na kinga yake ni choo na kufungia nguruwe, sio hiyo dawa. Ila kuna watoto wachache ambao wanapata degedege mara kumi, ishirini kwa siku na kila kidonge kimeshindikana, mama zao wanawafungia ndani kwa aibu. Hao je?

Nirudi kwa mama. Miezi ya mwisho aliletwa kwenye huduma ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na nesi wa tiba shufaa alikuwa mtu wa Mungu kweli, alikuwa anatupatia mofini ya maji kwenye chupa ya plastiki, ametuonyesha kuipima kwa sirinji, mililita kadhaa kila baada ya saa nne, na daftari la kuandika kila dozi. Maumivu yakatulia akaweza kulala. Mofini inatoka kwenye afyuni, ni ndugu wa damu kabisa na heroini ambayo imemaliza vijana wa Dar na Tanga. Mtu akizidisha mofini pumzi inakata, anakufa. Na bado nchi yetu ilikaa chini ikasema hiki kitu ni hatari lakini mgonjwa anakihitaji, kikae kwenye kabati la kufuli, kiandikwe kwenye kitabu, kitolewe na mtu aliyefundishwa. Na inafanya kazi! Sijasikia kijiwe hata kimoja Uyole kinachovuta mofini ya tiba shufaa. Kwa hiyo hoja kwamba tukiruhusu kitu kwa mgonjwa tumeruhusu kwa kila mtu mimi nimeiona kwa macho yangu haisimami, nimeiona juu ya stuli pembeni ya kitanda cha mama yangu.

Na mkataba wa kimataifa ambao wengi wanausema unatubana, ule wa 1961, wenyewe unaruhusu dawa hizi zote kwa matumizi ya tiba na utafiti, mofini imepita hapo hapo. Desemba 2020 nchi wanachama wa kamisheni ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa walipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye lile kundi la ukali wa juu kabisa ilikokuwa imewekwa pamoja na heroini, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Imebaki chini ya udhibiti, lakini kwamba haina faida yoyote ya tiba, hilo wamelifuta. Mama alikuwa bado hai, amebakiza miezi mitatu.

Sisi watu wa Mbeya tuko katikati ya hili jambo hata kama hatutaki. Ukienda Kasumulu ng'ambo ni Malawi, sheria yao ni ya 2020. Ukienda Tunduma ng'ambo ni Zambia, sheria yao ni ya 2021. Lesotho walianza kutoa leseni 2017, Rwanda nao wameruhusu kulima kwa ajili ya kuuza nje. Watu wakisikia hivi wanaanza kupiga hesabu za ekari, hata mimi wenzangu wa viazi wananiambia bei ya viazi ikianguka tuhamie huko, na wa Chunya wanalinganisha na tumbaku. Naomba nitofautiane nao kabisa. Hizi sheria za majirani nyingi zimeandikwa na macho yakiwa kwenye leseni na dola, mwenye mtaji ndo anaingia, mgonjwa wa kijijini kule bado hana chupa mkononi. Kama na sisi tutaanza na shamba, mgonjwa atasahaulika vile vile na vijana ndo watakaoharibika. Mimi nataka tuanze na kitanda.

Afrika hii hii kuna watunga sheria waliolisema. Afrika Kusini Februari 2014 mbunge Mario Oriani-Ambrosini alisimama bungeni akiwa na kansa ya mapafu, akasema wazi kwamba anatumia bangi kama tiba ingawa sheria inakataza, akawasilisha muswada kwa ajili ya wagonjwa, Agosti akafariki. Kenya, Ken Okoth wa Kibra aliandika kwa Spika 2018 kuomba muswada wa bangi uandaliwe, Julai 2019 akafariki kwa saratani ya utumbo mkubwa. Wote wawili hawakuona mwisho wake. Inaniuma kufikiri kwamba labda mpaka mkubwa fulani Dodoma auguliwe na mama yake kama nilivyouguliwa mimi ndo lizungumzwe, sipendi kabisa hilo litokee kwa mtu yeyote.

Ninachoomba ni kidogo sana. Naomba ule utaratibu wa Randall: daktari bingwa wa saratani au wa mishipa ya fahamu, akiona dawa za kawaida zimeshindwa kwa mgonjwa wake, aweze kuandika maombi kwa jina la mgonjwa huyo mmoja, apelekewe dawa iliyokwishasajiliwa na kupimwa, vidonge au maji, ipite kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ikae kwenye kabati lile lile la mofini na daftari lile lile. Hakuna shamba hapo, hakuna moshi. Kama kuna kipengele cha sheria kinachoruhusu hivyo tayari, basi wahusika watutangazie na wawaambie manesi na madaktari waziwazi, maana yule niliyemuuliza kwenye korido alikuwa hajui au aliogopa, na kwa mgonjwa hakuna tofauti kati ya hayo mawili. Na kama wataalamu wetu wakikaa wakaangalia wakasema kwa Tanzania haifai, gharama kubwa, zipo dawa mpya za kutapika zinazotosha, mi nitakubali. Binti yangu ananiambia kweli zipo mpya nzuri ila hazifiki kila mahali. Hilo nalo waliseme, tujue tudai zipi.

Siwezi kusema mama angepona. Asingepona, nilishaelezwa toka mwanzo. Siwezi hata kusema asingetapika, inawezekana na hizo nazo zingeshindwa. Ninachokijua ni kwamba aliniuliza swali la maana kabisa, mama ambaye aliishia darasa la nne, na mimi mwanae nikamjibu kama polisi.

Mhariri, safari nyingine mwandishi wako akileta ile picha ya magunia na moto, iweke, ni habari. Ila kabla hujafunga ukurasa naomba umpigie daktari mmoja wa saratani, mahali popote nchini, umuulize lile swali la mama, kale kamajani kweli kanasaidia, na jibu lake uliandike hata kwa mistari minne chini ya picha. Ukilichapa nitalisoma, gazeti lako huku Uyole linafika saa nne asubuhi.

Wako msomaji,
Mfanyabiashara wa viazi
Uyole, Mbeya